Msiombe ndoo, ombeni tanuru

SEHEMU YA 1: Acheni kusingizia ukoo

Mama zangu na dada zangu wa Mogitu, Gehandu, Katesh, Endasak, na ninyi wa upande wa Mbulu, Dongobesh na Haydom, hii ni yenu. Akina baba wenye watoto wadogo msiruke, hii inawahusu. Nitaandika sehemu sita. Ni ndefu, najua. Soma ukiwa unasubiri maharage yaive, na hayo maharage nayo tutayafikia.

Nazungumzia meno ya kahawia. Yale yanayoanza na madoa meupe kama chokaa, halafu yanageuka njano, halafu kahawia, na kwa wengine yanachimbika na kumeguka. Mimi ni nesi, na kuna maneno matatu nayasikia kila siku ya kliniki ya watoto.

La kwanza, "ni ya ukoo." La pili, "ndiyo asili yetu watu wa huku." La tatu, hili ndilo linaniudhi kuliko yote, "huyu binti mchafu, hapigi mswaki."

Yote matatu si kweli, na yote yanamtupia mzigo mtoto ambaye hajafanya kosa lolote.

Yale ni madhara ya floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya sehemu nyingi za kaskazini na katikati ya nchi yetu: Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga, Mara. Jino la ukubwani linajengwa ndani ya fizi miaka mingi kabla halijatokeza. Meno ya mbele, yale ya kuchekea, gamba lake linajengwa mtoto akiwa bado mdogo sana, ndani ya miaka mitatu minne ya kwanza. Mengine yanaendelea mpaka karibu miaka minane. Mtoto akinywa floraidi nyingi miaka hiyo, gamba linajengwa vibaya. Jino likija kutoka akiwa na miaka saba, wewe unaona doa leo, lakini kazi ilishafanyika zamani, alipokuwa anakunywa uji.

Ndiyo maana mswaki haulitoi. Mkaa haulitoi. Mchanga haulitoi, unazidi kulikwangua tu. Mama, usimsugue mtoto meno mpaka damu. Lile doa halikupakwa juu ya jino, limo ndani yake.

Na kama bado unasema ni ukoo, hebu nieleze hili: mtoto wa ukoo huohuo akilelewa miaka yake ya kwanza kwenye maji mazuri, meno yake yanatoka meupe. Na mgeni asiye na undugu na ninyi kabisa akija kuzaa na kulelea hapa kwenye maji mabaya, mwanawe anapata kahawia. Ukoo haujui mpaka wa kijiji. Maji ndiyo yanaujua.

Hata Wazungu walipita hapahapa. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs kule Marekani akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Watu wakamtajia sababu kibao za kubahatisha. Ilichukua miaka thelathini, mpaka 1931, ndipo maji yakapimwa vizuri na floraidi ikaonekana. Wao walikuwa na udhuru, hakuna aliyekuwa anajua. Sisi leo udhuru wetu ni upi?

Kesho tunaongea kuhusu mlima, na kuhusu kuchemsha maji.

SEHEMU YA 2: Kuchemsha hakuondoi

Jana mmeniuliza sana, "nesi, inatoka wapi?" Inatoka ardhini. Mlima wetu Hanang, na urefu wake wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano iliyolala. Miamba ya volkano za Bonde la Ufa ina floraidi nyingi. Maji yakikaa chini yakipita kwenye miamba hiyo yanaiyeyusha taratibu na kuibeba. Kwa hiyo kisima kirefu mara nyingi kinaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko kijito kinachotoka juu mlimani. Visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana kabisa. Huwezi kuiona. Huwezi kuinusa. Maji meupe kama kioo, matamu, baridi, yanaweza kuwa ndiyo hayo.

Sote hapa tunajua mlima huu unaweza kushusha nini. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka Katesh na Gendabi tukazika zaidi ya watu 80. Lile lilionekana, nchi nzima ikaja. Hili la floraidi linashuka kimyakimya kwenye kikombe na halijawahi kuletewa gari la msaada.

Sasa nisemeni wenzangu wa afya, na mtanisamehe. Ukienda kliniki yoyote utasikia somo: "Chemsheni maji ya kunywa." Ni somo zuri. Linaua vijidudu vya kuhara, na kuhara kunaua watoto, kwa hiyo endeleeni kuchemsha. Lakini somo hilo likiishia hapo kwenye eneo lenye floraidi, ni nusu ya somo. Floraidi ni madini, haifi kwa moto. Ukichemsha, maji yanapaa na mvuke, madini yanabaki sufuriani. Chukua lita mbili zenye miligramu 5 kwa kila lita, zitokotesha mpaka ibaki lita moja, sasa una miligramu 10 kwenye lita moja. Umeua vijidudu na umezidisha floraidi. Dawa ya kutibu maji ya kidonge nayo haiiondoi. Kitambaa cha kuchujia hakiiondoi. Mama akifanya kila alichoambiwa na bado mwanawe akatoka na meno ya kahawia, tusimlaumu yeye. Tujilaumu sisi tuliompa somo la nusu.

Kiasi gani ni kingi? Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia mpaka 4, kwa sababu maji yalikuwa shida na kiwango cha 1.5 kingefunga visima vingi. Nawaelewa walioweka. Lakini siku hizi kiwango chetu cha taifa nacho ni 1.5. Maana yake kisima kilichokuwa "salama" kwenye makaratasi ya zamani huenda leo si salama, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kutangaza. Ukiambiwa "hiki kisima kilipimwa," uliza kilipimwa lini na kilikuwa na ngapi. Neno "salama" pekee usilikubali.

Na si meno tu. Wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa yao inaharibika: viungo vinakakamaa, mgongo unakataa kupinda. Watoto wa maeneo yenye maji mabaya sana, kama Ngarenanyuki kule Arumeru, wameonekana wakiwa na miguu iliyopinda. Matege yana sababu nyingine pia, usikimbilie kujipa jibu, mlete mtoto aonekane. Lakini usiniambie tena kwamba hili ni suala la urembo.

SEHEMU YA 3: Dawa iko nyuma ya bucha

Sasa sikilizeni hili vizuri.

Mnajua pale mnada wa Katesh watu wakishamaliza nyama choma mifupa inakwenda wapi. Mnajua nyuma ya bucha kuna nini. Mbwa, nzi, harufu. Wilaya zetu ni za ng'ombe, Hanang na Mbulu zote, mifupa hatujawahi kukosa. Tunaiona ni taka.

Mifupa hiyo ndiyo inayoondoa floraidi kwenye maji.

Siwaletei habari ya kusikia tu. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti Ngurdoto, kule Arumeru karibu na Maji ya Chai, ambacho kwa miongo kadhaa kimefanya kazi hiyohiyo: kuchoma mifupa ya ng'ombe, kuisaga na kuitumia kuchuja floraidi. Jirani zetu Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru walianza kazi hii mwaka 1998 na wakajenga kiwanda cha mkaa wa mifupa wa kuchujia maji ya nyumba na ya shule. Ethiopia wametumia. Hata Marekani, miaka ya 1950, mji mdogo wa Britton katika jimbo la South Dakota ulisafisha maji yake kwa mkaa wa mifupa. Kabla ya hapo viwanda vya sukari vya Ulaya vilikuwa vinautumia kuifanya sukari iwe nyeupe. Ni kitu cha zamani, kimejaribiwa, na malighafi yake inaoza Katesh.

Unafanyaje kazi? Mfupa umejengwa kwa kalsiamu na fosfeti. Floraidi inaupenda mfupa, ndiyo maana inaharibu mifupa yetu. Basi tunaitega kwa kile inachokipenda. Mifupa inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, kama tunavyochoma mkaa wa miti, joto likiwa karibu nyuzi 400 hadi 500. Mafuta na nyama vinaungua vyote, kinabaki kitu cheusi chenye vitundu vidogo vingi sana. Kinasagwa kiwe chembechembe kama mchanga mnene, kinaoshwa, kinapakiwa kwenye ndoo au pipa. Maji yanapita taratibu, floraidi inang'ang'ania kwenye chembe za mfupa, maji yanatoka yakiwa yamepungua floraidi. Mfupa wa ng'ombe unashika ile sumu ili mfupa wa mwanao usiishike.

Lakini nawaomba, na hapa nasema kama nesi: MSIENDE KUCHOMA MIFUPA JIKONI. Ikichomwa kwa moto mdogo, mabaki ya nyama na mafuta yanabaki, maji yatanuka na kuwa machafu. Ikichomwa kwa moto mkali mno inakuwa nyeupe kama jivu na nguvu yake ya kushika floraidi inapungua sana. Na mifupa ya mzoga uliookotwa porini isiguswe kabisa, huku kwetu kimeta kipo. Mifupa ni ya ng'ombe aliyechinjwa machinjioni na kukaguliwa na daktari wa mifugo. Hii ni kazi ya tanuru na mtu aliyefundishwa. Mafiga matatu hayaiwezi.

Kuna dada kaniandikia pembeni, "nesi, mtu atakunywaje maji ya mfupa?" Dada, supu ya mifupa unaipenda. Mkaa uliochomwa vizuri hauna nyama, hauna mafuta, hauna ladha. Na kwa ndugu zetu Waislamu, hoja ni ya haki na jibu lake lipo: mifupa ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali, ikusanywe machinjioni, ijulikane ilikotoka. Hili likubaliwe mkutanoni mbele ya wote kabla tanuru halijawashwa, isije mtu akagundua baadaye akaona amedanganywa.

SEHEMU YA 4: Kwa nini nasema msiombe ndoo

Baada ya sehemu ya 3 simu imejaa. "Nesi tutafutie ndoo." "Nesi kuna mfadhili wa ndoo?" "Mheshimiwa fulani anaweza kutuletea ndoo mia."

Hapana. Tafadhali msiombe ndoo.

Nitawaambia kinachotokea kwa ndoo. Ndoo inaletwa, picha inapigwa, mama anashukuru. Miezi ya kwanza inafanya kazi vizuri. Lakini mkaa wa mfupa unajaa. Kila chembe ina nafasi zake, zikijaa floraidi, basi. Maji yataendelea kupita yakiwa meupe na baridi kama jana, lakini hayajasafishwa. Ladha ileile, rangi ileile. Mama anaamini anampa mtoto maji salama kumbe anampa yaleyale ya kisimani. Ndoo iliyochoka ni mbaya kuliko kukosa ndoo, maana asiye na ndoo angalau anatafuta maji ya mvua.

Inachoka baada ya muda gani? Inategemea na maji yako. Maji yenye floraidi mara mbili yanaichosha karibu mara mbili upesi. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kukuandikia "miezi sita" kwenye kifuniko bila kupima maji yako. Lazima mtu apite na kipimo. Lazima kuwe na mkaa mpya wa kubadilisha, karibu, kwa bei ya mama wa kijijini. Mahali pengi ambapo vichujio hivi vimekufa, mfupa ulifanya kazi yake vizuri tu. Kilichokosekana ni mtu wa kuleta mkaa wa pili.

Ndoo ni zawadi. Tunachohitaji sisi ni huduma. Mashine ya kusaga ya kijiji haikuletwa na mfadhili mmoja mara moja. Kuna mtu anaiendesha, anabadilisha mkanda, anatoza debe shilingi kadhaa, na ikiharibika kijiji kizima kinajua kwa sababu ugali haupo. Mkaa wa mifupa uendeshwe hivyohivyo. Tanuru moja Katesh au Mogitu, karibu na machinjio. Vijana wawili watatu waliofundishwa Ngurdoto. Mifupa inanunuliwa kwa wenye bucha, hata kwa bei ndogo, uone kama kutabaki mfupa mmoja barabarani. Daftari linaloonyesha ndoo ya nani ilijazwa lini. Kipimo cha floraidi. Na mkaa uliochoka usimwagwe ovyo shambani au mtoni, urudishwe palepale tanuruni, maana wataalamu wanajua namna ya kuuosha kwa dawa ukafanya kazi tena.

Na familia haihitaji kusafisha maji yote. Maji ya kufulia, kuogea na kunyweshea mbuzi yabaki yalivyo. Tunazungumzia maji ya kunywa na kupikia tu. Kwa nyumba nyingi hiyo ni ndoo moja kwa siku. Ndoo moja! Tunashindwaje?

Kuna watu wataniambia, "subiri mradi mkubwa wa maji." Nautaka mradi mkubwa, tena sana. Maji kutoka chanzo kizuri kwa bomba ndilo jibu bora kuliko mfupa wowote, na Jiji la Arusha lilipata mradi wa shilingi bilioni 520. Lakini jino halisubiri bajeti. Mtoto aliyezaliwa Mogitu wiki hii ana miaka michache tu gamba la meno yake ya mbele lijengwe, na haitarudi. Mradi ukija baada ya miaka kumi utamkuta yuko darasa la nne, anafunika mdomo kwa kiganja akicheka. Huyo huwezi kumwambia asubiri.

Na mwingine atasema, "watu wa huku hawawezi kulipia." Jamani. Watu hawahawa wananunua vocha, wananunua soda, na kila mwaka wanapeleka watoto kwa fundi wa meno kung'olewa na kubandikwa. Watu hulipia kitu wanachoona kinafanya kazi. Hawalipii kitu ambacho hawajawahi kuelezwa.

SEHEMU YA 5: Unayoweza kuanza leo jioni

Tanuru halijengwi kwa siku moja. Wakati tunalidai, haya yako mikononi mwako.

1. Nyonyesha. Mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, maziwa yake hupitisha kidogo sana. Kwa miezi sita ya kwanza mpe ziwa tu, bila maji, bila uji, bila maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Titi lako ni kichujio bora kuliko chochote nilichoandika hapa, na hukijazi mkaa. Bibi akisema mtoto ana kiu, mjibu kwa heshima: "Bibi, maziwa yana maji ndani yake."

2. Kinga maji ya mvua. Mvua haijagusa miamba, floraidi yake ni karibu na sifuri. Mwenye bati aweke mfereji na pipa lenye kifuniko. Acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi la paa kwanza, halafu kinga. Kama pipa ni dogo, yatenge maji hayo yawe ya mtoto aliye chini ya miaka minane na ya mama mjamzito. Watu wazima tunywe ya kisima, mvua iwe ya watoto. Na haya ndiyo ya kuchemsha.

3. Sasa yale maharage. Magadi. Najua makande bila magadi yanachelewa kuiva. Lakini magadi yanayokwanguliwa kando ya maziwa ya magadi huwa na floraidi, na mengine yamepimwa yakakutwa na floraidi nyingi mno. Unaweza kuwa na maji mazuri kabisa na bado ukampikia mtoto floraidi kwenye chungu. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya, funika chungu. Yanaiva. Mlenda vilevile, jaribu bila magadi. Kama mkwe wako hawezi kula bila magadi, mpakulie mtoto kwanza, ndipo uweke.

4. Chai. Majani ya chai yana floraidi yake ya asili. Mtoto mdogo hana haja na chai ya rangi asubuhi na jioni. Mpe maziwa, ng'ombe tunao.

5. Dawa ya meno usiiogope. Nimeona wengine tayari wanaandika "kumbe kolgeti ndiyo sumu." Hapana, acheni. Floraidi kidogo juu ya jino inazuia kuoza, tatizo ni kuimeza nyingi kila siku. Mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu mpaka sita, kiasi cha njegere. Msimamie, ateme, asimeze.

6. Maji ya kununua kwenye chupa si lazima yawe na floraidi ndogo, na kwa familia ya kawaida hayawezekani kila siku. Usijione mama mbaya kwa sababu hununui.

Na kwa aliyeshatoka na meno ya kahawia: si mchafu, si mgonjwa wa kuambukiza, na hana haja ya kusuguliwa. Kuna matibabu ya kupunguza doa kwa daktari wa meno, uwezo ukiwepo. Kabla ya hapo, kinachomuumiza zaidi ni maneno yetu.

SEHEMU YA 6: Siku ya mkutano wa kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Akina mama huwa tunakwenda, tunakaa chini upande mmoja, tunasikiliza wanaume wakiongelea mpaka wa shamba na ng'ombe walioingia kwenye ngano. Safari hii tusimame. Hatuendi kulalamika wala kuomba. Twende na maswali manne, na yaandikwe kwenye muhtasari.

Swali la kwanza: Chanzo chetu cha maji kina floraidi kiasi gani? Tunataka namba, kwa kila kisima na kila bomba, na tarehe ya kupimwa. RUWASA wapo wilayani, Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji. Kupima kwa floraidi ni kitu cha kawaida kwao. Namba hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye kisima chenyewe kwa rangi. Ikiwa chini ya 1.5, tutashangilia na mimi nitafuta post hizi zote kwa furaha.

Swali la pili: Kisima kipya kikichimbwa, majibu ya maabara yatasomwa hadharani kabla ya kukata utepe au baada? Maana nimeshuhudia mahali fulani, sitapataja, ngoma inachezwa, wageni wanakunywa maji mbele ya kamera, na nilipouliza majibu ya floraidi nikaambiwa "yatakuja." Watoto wanakunywa, majibu bado yanakuja.

Swali la tatu: Machinjio yetu yanaingiza mifupa kiasi gani kwa wiki, na inakwenda wapi? Hili liulizwe kwa diwani na kwa afisa mifugo. Halmashauri inakusanya ushuru wa kila ng'ombe anayechinjwa, kwa hiyo idadi ya ng'ombe ipo. Mifupa haishindikani kuhesabika.

Swali la nne, na hili ndilo lenyewe: Nani ataandika barua kwenda Ngurdoto kuomba vijana wetu wafundishwe, na tanuru litakaa kwenye bajeti ya mwaka gani? Jina la mwandishi wa barua. Tarehe ya barua. Wakisema "tutalifanyia kazi," mseme asante, na mkutano ujao muulize barua iko wapi.

Kuna wakubwa hawatafurahi. Wataniambia nesi abaki na sindano zake, maji si idara yake. Mimi nawajibu hivi: kadi ya kliniki ya mtoto ina mahali pa uzito, pa chanjo, pa vitamini A. Mtoto tunayempima uzito kila mwezi tukifurahia mstari unapanda, ndiye huyohuyo anayerudi nyumbani kunywa maji ambayo hakuna aliyeyapima. Mwili ni mmoja. Hauna idara.

Na nyie mtakaosema "mbona sisi tumekunywa maji haya na tumekua?" Mmekua, ndiyo. Na babu zetu waliugua surua wakakua pia, waliobahatika. Hatukuacha kuchanja kwa sababu hiyo.

Nimemaliza. Mama, kama una mtoto wa chini ya miaka minane, andika hapo chini jina la kijiji chako na chanzo chako cha maji: kisima kirefu, kijito, bomba, lambo. Kijiji tu, usiandike jina la mtoto. Nitapanga orodha, na kila kijiji kitakachokuwa na akina mama kumi nitawasaidia kuandika barua yao ya kuomba maji yapimwe, muipeleke wenyewe kwa mkono wenu na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Na kesho ukipita nyuma ya bucha, ukaona ile mifupa imelala pale na mbwa wanaigombania, usizibe pua ukapita. Muulize mwenye bucha anaitupa kwa bei gani.